Sukari Ndiyo Inayoivusha Chumvi

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi katika siku ya sayansi ya skuli, Wete, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa sheha, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha kazi za shamba na za pwani mkaja kukaa nasi, na nyinyi wanangu wanafunzi: ahsanteni kwa kufika.

Mada niliyopewa ni namna vitu vinavyopita katika utando wa seli. Nyinyi wanafunzi mnaijua kwa kuikariri. Mnaandika difyusheni, mnapiga mstari. Mnaandika osmosisi, mnapiga mstari. Mtihani ukipita na mada imepita nao. Leo sikuja kuwasomesha mtihani. Nimekuja kwa sababu wazazi wapo, masika yanakaribia, maji machafu ya juu yataingia visimani, na ndani ya mada hii mna elimu ya kumbakisha hai mtu anayeharisha wakati bado yuko nyumbani kwake, gari haijapatikana na hospitali iko mbali. Nataka kila aliyekaa hapa aondoke akijua kwa nini maji matupu hayamtoshi mgonjwa wa kipindupindu, na kwa nini maji hayo hayo yakitiwa chumvi na sukari kwa kipimo yanamfaa.

Tuanze na utando wenyewe. Kila seli ya mwili imefunikwa na utando wa mafuta ambao unene wake ni nanomita 7 au 8 tu. Zikipangwa tando zaidi ya laki moja, moja juu ya nyingine, ndipo itapatikana milimita moja. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa mafuta yote ya utando wa chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji na kuyapima. Yakatosha kuzifunika chembe zile mara mbili. Hapo ikajulikana kwamba utando una tabaka mbili za mafuta: vichwa vinavyopenda maji vinatazama nje na ndani ya seli, na mikia inayoyakimbia maji inaelekeana katikati. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaikamilisha picha tunayoitumia mpaka leo. Mafuta hayo hayakuganda, yanatembea, na ndani yake zimechomekwa protini nyingi, kila moja na kazi yake.

Mafuta na maji havipatani, hilo kila mpishi analijua. Oksijeni unayoivuta inapenya mafuta hayo bila kuzuiwa, ikitoka palipo nyingi kwenda palipo chache, na hewa ya kaboni inatoka hivyo hivyo. Hiyo ndiyo difyusheni, na sitakaa nayo zaidi kwa sababu haina tabu. Tabu inaanza kwenye chumvi na sukari. Chumvi ikiyeyuka inagawika ioni za sodiamu na ioni za kloraidi, zote zina chaji ya umeme, na mafuta hayazipitishi. Glukosi nayo, ile sukari inayotokana na wali na muhogo tunaokula, ni kubwa na inapenda maji, kwa hiyo hubaki nje. Utando ungekuwa mafuta matupu, mtu angekula wali tumbo likajaa huku seli zake zinakufa njaa.

Maji yenyewe yana sheria yake, na sheria hiyo watu wa visiwa hivi wameifanyia kazi miaka mingi kabla ya kuisoma kitabuni. Maji hupita katika utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Ndiyo osmosisi. Anayetengeneza ng'onda anampasua samaki, anampaka chumvi, kisha anamwanika. Chumvi inayavuta maji ya ndani ya nyama, na kijidudu chochote cha kuozesha kinachotua pale nacho kinanyang'anywa maji yake kupitia utando wake, kinashindwa kuzaana. Samaki anakaa wiki nyingi bila barafu.

Mama zangu wakulima wa mwani wanaiona sheria hiyo hiyo ikiwaumiza. Kilimo hiki kilianza Unguja, upande wa Paje na Jambiani, mwaka 1989, kikafika kwetu Pemba, na mnajua jinsi mwani unavyodhoofika maji ya pwani yanapochanganyika na mvua kubwa. Seli za mwani zimezoea bahari, ambayo kila lita yake ina kiasi cha gramu 35 za chumvi. Mvua ikiyapunguza makali maji ya nje, maji yanakimbilia ndani ya seli, seli inavimba na kudhoofika, na vijidudu vinapata nafasi. Joto kali nalo lina sehemu yake katika kuufanya mwani uwe mweupe na kukatika, sitaki kuitupia mvua lawama yote.

Na nani kati yenu amewahi kuuonja mti wa mchu? Nendeni kwenye mikoko, mlambe jani lake, lina chumvi juu. Mkoko wenyewe huizuia chumvi nyingi mizizini isiingie. Mchu unaiacha sehemu yake iingie, kisha unaitoa kupitia vitezi vidogo vya jani. Lakini tazameni hapo wanangu, kuna jambo limegeuka. Chumvi inatoka kwenye seli kwenda mahali ambapo chumvi ni nyingi zaidi. Hiyo siyo difyusheni tena. Inapandishwa mlima, na kitu kinachopandishwa mlima lazima kilipiwe nguvu.

Mtu wa kwanza kuikamata pampu inayofanya kazi hiyo katika wanyama ni Jens Skou wa Denmark, mwaka 1957, na aliipata katika mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Nalisema hili kwa furaha, kwa sababu kaa tunao sisi, wamejaa mikokoni, na elimu iliyokuja kumpa mtu Tuzo ya Nobel mwaka 1997 ilitoka kwenye mguu wa kaa wa pwani. Pampu hiyo ni protini iliyokaa ndani ya utando. Kila inapozunguka mara moja inatoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu, na malipo yake ni molekuli moja ya ATP, kitu kinachobeba nishati ndani ya seli. Ipo karibu katika kila seli yako. Haipumziki ukilala, haipumziki mchana wa Ramadhani, na inakula kiasi cha robo au sehemu ya tano ya nishati yote ya mwili uliotulia. Kwa kazi hiyo, ndani ya seli sodiamu ni chache siku zote na nje ni nyingi. Lishikeni hilo, kwani tiba ninayokwenda kuieleza imesimama juu yake.

Maji nayo yana mifereji yake ya protini. Aliyeitambua ni Peter Agre wa Marekani, mwaka 1992, baada ya kukutana na protini asiyoijua wakati akichunguza kitu kingine kabisa, makundi ya damu ya Rh. Mfereji mmoja hupitisha karibu molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde, na hauruhusu hata ioni moja ya chumvi. Alipata Nobel mwaka 2003.

Sasa tuingie tumboni.

Kila siku utumbo mdogo wa mtu mzima hupokea kiasi cha lita 8 hadi 9 za maji. Mbili hivi ni za kunywa na chakula. Zilizobaki ni za mwili wenyewe: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo. Karibu yote yanarudishwa damuni, na kinachotoka chooni hakizidi sana glasi moja ndogo. Utumbo hauna pampu ya maji. Hakuna kiumbe aliyepatikana na pampu ya maji. Utumbo unachofanya ni kuivuta chumvi, na maji yanaifuata chumvi kwa osmosisi. Basi swali lote ni hili: chumvi inavushwaje ule utando wa mafuta usioipitisha?

Agosti 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, Robert Crane alisimama akaeleza kwamba katika seli za utumbo mdogo glukosi na sodiamu huingia pamoja, kwa mbebaji mmoja. Mfikirieni mvushaji wa mtumbwi anayekataa kupiga kafi mpaka abiria wake wote watatu wapande: sodiamu wawili na glukosi mmoja. Sodiamu wakija peke yao, hawavushwi. Glukosi akija peke yake, havushwi. Wakitimia, wanavuka mara moja, na kinachousukuma mtumbwi ni ule uchache wa sodiamu ndani ya seli ambao pampu ya Skou inaulinda usiku na mchana. Wakishavuka, maji yanawafuata.

Mtu aliyesikia maneno ya Crane siku ile angeweza kudhani ni habari ya maabara tu. Mimi naamini ni miongoni mwa maneno yaliyookoa watu wengi kuliko yote yaliyosemwa katika karne iliyopita, na nitawaambia kwa nini.

Kipindupindu tunakijua. Mwaka 1869 na 1870 kiliipiga Unguja vibaya, na daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi mjini, James Christie, alifuatilia njia kilizopita, za misafara ya bara na za majahazi. Aliona kinavyosafiri. Hakuweza kuona kinachofanyika katika utumbo, wala hakuna aliyeweza wakati ule. Ilipofika 1959 ndipo Sambhu Nath De, huko Kolkata, alipoonyesha kwamba kijidudu cha kipindupindu hakiutoboi utumbo wala hakiutafuni. Kinatoa sumu.

Sumu hiyo ina sehemu ya kushikia na sehemu ya kudhuru. Ya kushikia inanasa kwenye aina fulani ya mafuta yenye sukari yaliyo juu ya utando wa seli. Ya kudhuru inaingia ndani na kuiwasha amri ambayo seli haiwezi tena kuizima. Mifereji ya kloraidi inafunguka na kubaki wazi. Kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji yanazifuata zote mbili. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa, choo kikiwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Macho yanazama, ngozi ya vidole inanywea, sauti inakauka. Mtu mzima mwenye afya asubuhi anaweza kuwa maiti jioni. Hakuuawa na jeraha. Ameuawa na osmosisi.

Ukimpa maji matupu, hayana kinachoyavuta kuingia damuni, mengi yanapita yakatoka na yale yanayomwagwa. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, mvushaji anakataa, hajatimiza abiria. Lakini sikilizeni, na hapa ndipo nilipotaka mfike: sumu haimgusi mvushaji yule. Mifereji ya kutolea imefunguliwa kwa nguvu, ila mbebaji wa glukosi na sodiamu yupo mahali pake, mzima, anasubiri. Mpelekee sukari na chumvi pamoja, ataanza kuvusha, na maji yatarudi mwilini hata kama kuharisha bado kunaendelea.

Hilo lilithibitishwa kwa wagonjwa huko Dhaka mwaka 1968 na David Nalin na Richard Cash. Likaja kujaribiwa kwa ukubwa wake mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa katika kambi ya Bangaon nchini India, kipindupindu kikaingia, na dripu zikawaishia. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari ichanganywe kwenye mapipa, na jamaa wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilikuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100. Vikashuka chini ya 4. Walionywesha hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, baba, dada na kaka, watu kama nyinyi mliokaa hapa. Mwaka 1978 jarida la tiba la Lancet la Uingereza liliandika kwamba huenda huu ndio ugunduzi muhimu kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Paketi ya ORS mnayopewa kituo cha afya ndiyo hiyo elimu ya mvushaji ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Kwa lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Ukizihesabu kwa molekuli, glukosi na sodiamu zimewekwa sawa kwa sawa, 75 kwa 75. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaupunguza, kwa sababu kinywaji kikiwa kizito kuliko damu, maji yanatoka mwilini kwenda utumboni badala ya kuingia.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi, msimpe anayeharisha soda. Sukari yake imezidi mno na chumvi haimo. Itayavuta maji utumboni na kumzidishia ugonjwa.

Najua nitaulizwa kuhusu dafu. Dafu ni kinywaji chetu, na ni chema. Lina potasiamu nyingi, nayo mgonjwa anaipoteza, kwa hiyo kumpa si vibaya. Lakini sodiamu yake ni kidogo sana, na mvushaji wetu anataka sodiamu. Kwa kipindupindu dafu peke yake halitoshi, liwe la kuongezea juu ya ORS. Uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi kidogo una nguvu kuliko watu wanavyoudhani: wanga wa mchele huvunjika taratibu ukawa glukosi, mvushaji anapata abiria bila ya kinywaji kuwa kizito. Mchanganyiko wa ORS uliotengenezwa kwa mchele umepunguza kuharisha kwa wagonjwa wa kipindupindu walipopimwa. Na mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa hata siku moja.

Mtu ataniuliza, kwani chanjo si ipo? Ipo. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika shehia zilizokuwa na hatari kubwa, Unguja na hapa Pemba. Ndani yake mlikuwa na ile sehemu ya sumu ya kushikia, bila ya sehemu ya kudhuru, ili mwili ujifunze kuizuia isinase kwenye utando. Unaona tena, vita ni pale pale juu ya utando. Chanjo ikija, nendeni. Choo, maji ya kuchemsha na kunawa mikono vinabaki wajibu wetu vile vile. Lakini mgonjwa akishaanza kuharisha, chanjo haimrudishii maji.

Kitu cha mwisho cha kisayansi, halafu tufanye kazi ya mikono. Seli iliyowashwa na sumu haizimiki, ila seli za utumbo hazidumu. Kila siku tatu hadi tano hubanduka na kuota nyingine mpya ambazo sumu haikuzifikia. Ndiyo maana kipindupindu kina mwisho wake, na dawa za kuua vijidudu zinaufanya mwisho huo uwahi. Kazi ya aliyekaa na mgonjwa ni kumfikisha hapo akiwa na maji mwilini.

Basi yashikeni haya. Msisubiri mtoto alegee. Choo cha kwanza cha majimaji, anza. Chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, wa miaka miwili mpaka kumi mpe 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko, kidogo kidogo, usikate tamaa. Hata akitapika sana bado kuna kinachoingia. Kituo cha afya watampa na vidonge vya zinki, mmalizie siku zote walizosema hata akishapona. Akiwa anasinzia sinzia, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, au hawezi kunywa, huyo anataka dripu: mkimbizeni hospitali, na njiani kijiko kiendelee ikiwa anaweza kumeza.

Kama paketi ipo, isome kwanza, kwani nyengine ni za lita moja, nyengine za nusu lita, na nyengine za glasi tu. Kama haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visirundikwe. Chumvi ikizidi, kwa mtoto mchanga ni hatari kubwa, inayavuta maji hata kutoka katika seli za ubongo akapata degedege. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe, kichanganywe kipya.

Pale mezani tumeweka ndoo ya maji yaliyochemshwa, chupa, vijiko, chumvi na sukari. Wanafunzi wa Fomu ya Pili watapima, na kila mzazi atapima baada yao, kwa mkono wake. Kabla ya kunywesha, onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Chupa itakayozidi tutaimwaga na kupima upya, sukari ipo ya kutosha.